Kadi Isiyo na Herufi

Mji wa Juu una maktaba, na wengi wa Mji wa Juu hawajui. Nyumba yenyewe iko nyuma ya mizani ya pamba, kuta zake rangi ya maziwa yaliyoganda, mlango mmoja, madirisha manne, na barazani ndoo ya maji yenye kata ya bati kwa wasomaji wenye kiu. Bi Mwantumu alikuwa amepita mbele yake miaka nenda miaka rudi akienda mnadani, na siku zote alidhani ni ofisi ya watu wenye kesi, kwa sababu kila aliyeingia mle aliingia kimya na kutoka ameinamisha kichwa. Siku aliyoingia yeye alivua ndala zake mlangoni, akazipanga pamoja, vidole vikitazama nje, kama aingiavyo mtu nyumba yenye msiba. Hakukosea sana.

Lazima niseme kwanza habari za nchi ile, msije mkanipotea. Miaka ya kule haikutungwa kwenye uzi mmoja kama shanga. Mtu aliweza kuamka ajuza Jumatatu, Jumanne akajikuta bibi harusi anapakwa hina, Jumatano akarudi kwenye fimbo yake, na asishangae mtu. Walipokutana njiani waliulizana, “Leo uko wapi?” kama wengine wanavyoulizana umeamkaje. “Leo niko kwenye mwaka wa nzige,” mmoja hujibu, na mwenzake humpa pole, wakaendelea na safari. Miaka yote ilirudi, mizuri na mibaya. Ila miaka ya Mji wa Chini haikumrudia mtu hata siku moja. Ile ilikuwa chini ya maji.

Walikuja Wenye Maji. Hivyo ndivyo walivyoitwa, wala hakuna aliyejua waliyapataje hayo maji mpaka wakawa wenyewe. Walipigilia vigingi vyekundu ubavuni mwa bonde, wakasema kila kilicho chini ya kigingi ni ziwa, na ziwa hilo litawasha taa za miji ya mbali. Watu wakatazama vigingi, wakatazama nyumba zao, nyumba zote zilikuwa chini. Basi wakaanza kuezua mapaa.

Ninachotaka mkijue kuhusu Bi Mwantumu ni kimoja tu: alikuwa anatafuta jina la mwanawe.

Katika nyumba aliyoolewa, mke hataji jina la baba mkwe. Vyeti Mji wa Chini haukuwa navyo. Nasema lile la nyumbani, alilopewa siku kitovu kilipodondoka, linalotajwa na waliozaliwa mle peke yao. Na likitajwa na mwingine mbele yake, mke huinamisha uso na kuguna, mmm, ili sauti yake ilifunike jina lisimwingie sikioni likamzoea. Wake wa nyumba ile waliguna vizuri kweli, mgeni angedhani wanabembeleza watoto. Mwantumu alipojifungua kifungua mimba wake, wa kiume, wenye nyumba wakampa mtoto jina hilo hilo la babu yake. Ilikuwa heshima kubwa. Watu walikuja kumpongeza, wakamletea uji wa mtama na kuku wawili. Na katikati ya pongezi hizo alikaa mama aliyepewa mtoto asiyeweza kumwita.

Alimwita Bwana. Alimwita Mkwe. Alimwita wewe, na njoo, na mwanangu. Wengine wakitaja jina lake, yeye aliguna. Miaka sita hivyo. Kisha surua, wiki ile ile ya kuezua mapaa. Wakamzika kando ya migomba, na miezi mitatu baadaye maji yakaja juu yake taratibu, mwanzo kama unyevu, kisha kama kioo, kisha kama nchi nyingine kabisa.

Mtu ni nini, basi? Hili ndilo alilokuwa akijiuliza akichambua mboga, akifagia, akipepeta. Nyama ya mtu huliwa na udongo. Kaburi lake limemezwa na maji. Nguo zake, shati moja na kaptula mbili, alizivaa mtoto wa jirani zikachakaa. Lililobaki ni jina, na jina makazi yake ni midomo ya watu. Midomo ikifa, je? Anakaa wapi huyo? Ameondoka mara moja au anaondoka kila siku, kidogo kidogo, mdomo mmoja baada ya mwingine?

Waliozaliwa katika nyumba ile walikwenda mmoja mmoja, kila mmoja akaondoka nalo. Mabinti zake yeye walizaliwa juu huku, baada ya maji, na hakuna aliyewafundisha jina la marehemu. Wa mwisho kulijua alikuwa wifi yake, Mashavu, aliyefariki mwezi uliopita. Bi Mwantumu alikaa naye siku tatu, akimlowesha midomo kwa pamba, akimgeuza ubavu asipate vidonda, na siku zote tatu swali lilimkaa kooni. Wifi, mwanangu aliitwa nani? Maneno manne. Hakuyasema. Angeanzaje? Amwambie mgonjwa kwamba mama mzazi amesahau? Na wala hakuwa amesahau. Hakuwahi kuwa nalo. Alibaki na uzito wake tu, kama mtu aliyebeba mtungi gizani asijue una rangi gani.

Siku ya nne walimzika Mashavu. Bi Mwantumu alitupa udongo wake, akasikia ukigonga ubao, akajua umelifukia na jina.

Mkutubi aliyempokea mle maktabani aliitwa Bwana Kondo, mtu wa makamo, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja.

“Karibu, bibi. Unarudisha au unaazima?”

“Sijaazima kitu kwa mtu, baba. Natafuta.”

“Kutafuta nako ni kazi yetu. Kitabu gani?”

“Cha watu wa Mji wa Chini. Mjukuu wangu anasema mnacho.”

“Tunacho. Ila kimepigwa mhuri wa Hakitoki. Husomwa chumba cha nyuma tu.”

“Na mimi nitakipeleka wapi? Nina rafu, mimi?”

Bwana Kondo akacheka. “Kusoma unajua?”

“Nilifika darasa la nne. Herufi nazijua zote, ila zikisongamana hunichelewesha.”

“Hata mimi siku hizi zinanitii zile kubwa tu.” Akapandisha miwani yake. “Njoo huku.”

Akampitisha katikati ya rafu. Bi Mwantumu hakuwahi kuona vitabu vingi kuliko vile vitatu vya shuleni kwao, vilivyozungushwa madawati ishirini. Hapa kulikuwa na kitabu cha nyuki, kitabu cha magonjwa ya kuku, kitabu cha mwezi, kitabu kinene cha jinsi ya kuchimba kisima, kimeliwa na mchwa hadi ukurasa wa tope lakini hawajafika ukurasa wa maji. Akapitisha kidole migongoni mwao kama anayehesabu watoto waliolala.

“Wote hawa wamesema?”

“Wamesema, bibi.”

“Na wamenyamaza hivi.”

“Wanangoja. Usipofungua, hawakusumbui.”

Karibu na mlango wa nyuma lilisimama kabati la droo ndogo ndogo, kila droo na herufi yake. Bwana Kondo akaligonga kwa kiganja. “Kila aliyetajwa katika vitabu vya mji ana kadi yake humu. Ukinitajia jina, nakuonyesha ukurasa sasa hivi. Mtaje.”

Bi Mwantumu akatazama droo, kuanzia A hadi Z.

“Ni mwanangu,” akasema, “ningeweza kumtaja, nisingekuja.”

Bwana Kondo akaliacha kabati. Katika kazi ile mtu hujifunza kutouliza. Alimletea kitabu, akakilaza juu ya kitambaa safi, akamsogezea kiti. Kilikuwa na jalada la kijani, kimeandikwa mkono mmoja mwanzo hadi mwisho, mwandiko wa kulalia kulia kama mtama uliopigwa na upepo.

“Bibi, nikuonye kitu. Hiki kitabu kimewashinda wasomi. Alikuja mmoja, akakaa humu wiki mbili, akaondoka na kuandika kwamba Mji wa Chini ulikuwa nchi ya wafalme. Eti kila nyumba na mfalme wake. Tazama mwenyewe. Nyumba ya kwanza, mkuu wake Mzee Mwenyewe. Nyumba ya pili, Mzee Mwenyewe. Ya tatu, Mkubwa. Ya nne, Mzee Mwenyewe. Wafalme sabini na wawili, na ng'ombe mia na kitu.”

Bi Mwantumu akaweka mkono mdomoni.

“Nini, bibi?”

“Hawakuwa wafalme.” Akautoa mkono mdomoni. “Karani wa Wenye Maji alikuja siku ambayo wanaume wako mlimani wanakata miti ya mapaa mapya. Nyumbani tulibaki wake. Wake watupu, na kwetu mke hataji mkwe wala mume.”

Bwana Kondo akavua miwani. Akaelewa, na alivyoelewa akakaa chini. Mji mzima umeandikwa na wanawake wenye adabu. Mji mzima wa wanaume wasio na majina, kwa sababu ya heshima. Na aliyekuwa na kalamu hakujua anachonyimwa, aliandika tu, na alichoandika ndicho kilichobaki, na kilichobaki ndicho kinachoitwa historia.

“Soma ya kumi na moja,” Bi Mwantumu akasema. “Mimi macho yananitoka maji.”

“Nyumba ya kumi na moja. Mkuu wa nyumba, Mzee Mwenyewe. Mwanawe, Mwenye Nyumba. Mke wa mwana, Mwantumu. Mtoto, Huyu Bwana. Ng'ombe wawili, mmoja Mawingu, wa pili Chelewa, hana pembe.”

Ng'ombe walikuwa na majina.

Akaomba aachwe peke yake. Akaweka kidole kwenye neno Mtoto. Wino ulikuwa na baridi. Mhuri ulisema kweli, kitabu hakikutoka. Yeye ndiye aliyeingia.

Harufu ilimfikia kwanza: masizi ya makuti ya zamani yaliyoshushwa. Paa la jikoni lilikwishaezuliwa na jua liliingia mahali lisipowahi kuingia, likaangaza mafiga, likayaaibisha. Alikuwa amesimama nyuma ya ghala, na uani alikaa karani juu ya kinu kilichopinduliwa, viatu amevua, soksi moja imetoboka kidoleni. Mbele yake, mkekani, msichana wa miaka ishirini na nne anachambua choroko kwenye ungo. Alikuwa ni yeye mwenyewe, na alikuwa mzuri. Hakuna aliyewahi kumwambia.

“Mkuu wa nyumba hii anaitwa nani?”

“Mzee Mwenyewe.”

“Nimekuuliza jina, dada.”

“Ndilo hilo.”

“Toka asubuhi ni Mzee Mwenyewe, Mzee Mwenyewe. Mji huu mmeolewa na mtu mmoja?”

“Andika, kaka, wino usikukaukie.”

Karani akaandika, huku anatikisa kichwa. Bi Mwantumu nyuma ya ghala alikuwa ameshika fito kwa mikono miwili. Sema, alikuwa akimwambia msichana yule, bila sauti. Mara moja tu. Mnong'oneze. Wanaume wako mlimani. Mzee mwenyewe hasikii vizuri hata akiwapo. Hujui unachokifanya, bibi mdogo, unafikiri jina ni kama jiwe la kusagia, litakuwepo tu kesho. Mnong'oneze. Nitakubebea dhambi hiyo mimi.

“Na mtoto?”

Msichana akaokota kijiwe kwenye choroko, akakitazama, akakitupa.

“Andika Huyu Bwana.”

“Huyu Bwana.”

“Eeh.”

Huyu Bwana alikuwa pale pale. Amepanda kigingi chekundu alichokiiba bondeni, anakiendesha kama punda, anazunguka mchi, anapita chini ya kamba ya nguo, uzi mweusi kiunoni, kitovu mbele. Kovu kidevuni, aliangukia jiwe. Bi Mwantumu alikuwa amelisahau kovu. Namna gani mtu husahau kovu? Alilikuta pale likimngoja, upande ule ule.

Na hapo Mashavu, hai, sauti yake nene, miaka mingi kabla ya pamba na midomo mikavu, akaita kutoka kisimani. Aliita kama shangazi aitavyo, jina kamili la nyumbani, refu, akilivuta mwishoni.

Kwa jambo hilo moja Bi Mwantumu alikuwa amekuja. Masikio yake yalikuwa wazi, yote mawili, alikuwa hata amesogeza kilemba. Koo lake likafanya lilichofundishwa.

Mmm.

Mkekani, msichana naye ameinama kwenye ungo: mmm. Miguno miwili, sauti moja. Na ilipokwisha, jina lilikuwa limekwisha, na kisimani ndoo inagonga ukingo.

Mtoto alisimama. Hakugeukia kisimani. Aligeukia mguno, na ule uliokuwa karibu naye zaidi ulikuwa wa nyuma ya ghala. Akaja mbio, anaburuta kigingi.

“Labeka,” akasema. Kisha akainua uso. “Ah. Nilidhani ni mama.”

“Mama yako yule pale, baba.”

“Namwona. Lakini wewe umeniita.”

“Nimekuita?”

“Umesema mmm.”

Bi Mwantumu akachuchumaa, magoti yakalia. Sasa walikuwa uso kwa uso. Miaka sita alikuwa akilifunika jina lake, na mtoto akalichukua lile funiko likawa jina. Naye mama hakujua. Alidhani hakuwahi kumwita.

“Na wengine wanakuitaje? Jina lako nani?”

Mtoto akaweka mikono nyuma. “Silisemi.”

“Kwa nini?”

“Mama amenikataza kulisema mbele ya bibi nisiyemjua. Anasema huenda naye ni mkwe wa babu, nitamvunjia heshima.”

“Mama yako amekulea vizuri.”

“Wewe ni mkwe wa babu?”

Maisha yake yote hakuwahi kulisema jina lile wala kuvunja adabu ya nyumba ile, si alipopigwa na njaa, si alipofiwa. Akatazama macho yale. “Hapana,” akasema. “Mimi si mkwe wake. Niambie.”

Mtoto akamtazama kwa makini, kwa kumwonea huruma kidogo, kama watoto wanavyowaonea wazee wasiojua kudanganya.

“Mbona umeguna?”

Akainua mkono, akamgusa paji la uso, akautoa haraka. Paji lilikuwa la moto. Macho nayo, sasa aliyaona, mekundu pembeni, yakikwepa jua.

“Nenda kwa mama yako. Mwambie akutazame macho. Mwambie sasa hivi.”

“Mama ana mgeni.”

“Mwambie hivyo hivyo.”

Mkekani msichana akaguna, akimtafuta. Mtoto akageuka mara moja, hakuaga, akaenda kwa mama yake, na Bi Mwantumu aliona kisogo chake kikienda, na kigingi kikichora mstari mavumbini nyuma yake.

“Ng'ombe?” karani akauliza.

“Wawili.”

“Hawa nao ni Mzee Mwenyewe?”

“Mawingu na Chelewa.” Msichana alicheka, mtoto amemwegemea begani, anavuta kanga yake, anataka kusema kitu, na yeye anamwambia ngoja kwanza, ngoja. “Chelewa hana pembe, andika na hilo.”

Karani akaandika na hilo. Ukurasa ukaisha.

Bwana Kondo alimkuta amelaza shavu juu ya kitambaa. Hakumwinua, alimletea maji kwenye kata ya bati. Akanywa yote.

“Umempata, bibi?”

“Nimemwona.”

“Na jina? Mimi nilikuwa hapa mlangoni. Nilisikia mtu anaguna tu.”

“Na mimi ndicho nilichosikia.”

Nje mizani ya pamba ilikuwa inalia chuma kwa chuma. Kisha Bwana Kondo akaenda kwenye kabati, akarudi na kadi mpya nyeupe na kalamu.

“Ukurasa siwezi kuufuta. Lakini kadi natengeneza mwenyewe. Nisimulie.”

Akamsimulia. Nyumba ya kumi na moja. Kovu kidevuni, upande wa kushoto. Alipenda ukoko wa ugali, ule wa pembeni mwa sufuria, na alipochelewa kupewa alikaa na mgongo umegeukia watu. Alilala kwa tumbo. Aliogopa bata, hakuogopa nyoka. Alimiliki punda mmoja mwekundu. Bwana Kondo akaandika kwa herufi ndogo, akageuza nyuma, akaandika pembeni, mpaka kadi ikajaa, isipokuwa mstari wa juu.

“Juu hapa ndipo jina. Niandike ule mguno? Naweza kuweka M tatu.”

Akafikiri. “Hapana. Ukiuandika, watu watausoma. Ule ulikuwa wangu na yeye. Acha wazi.”

“Nikiacha wazi haina herufi.”

“Basi haina pa kukaa?”

Bwana Kondo akageuza geuza miwani yake. “Ina pa kukaa. Kanuni ya kabati ndivyo ilivyo, tangu nilipofundishwa kazi. Kadi isiyo na herufi hukaa mbele ya zote. Kwanza yeye, kisha ndiyo inaanza A.”

“Kwanza yeye.”

“Kabla ya mji mzima.”

“Ndivyo alivyokuwa,” Bi Mwantumu akasema. “Wangu wa kwanza.”

Akaitia kadi kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kadi zote, mbele ya wafalme sabini na wawili, akasukuma droo. Ilikuwa saa ya kufunga. Bwana Kondo akaanza na dirisha la upande wa mizani. Nyuma yake akasikia droo inavutwa tena, kidogo, kama upana wa kidole, na bibi akainama karibu na ule upenyo, akaguna. Kisha kimya. Kimya cha mtu anayengoja kuitikiwa.

Akafunga dirisha la pili polepole kuliko siku zote. Akafunga la tatu. Alipofika la nne bibi alikuwa bado amesimama vile vile, sikio kwenye kabati, na hilo akaliacha wazi.